Jani Lenye Miiba: Ususi wa Mikeka kwa Wanawake wa Tawi-Tawi

Kusini kabisa mwa Ufilipino, mahali ambapo visiwa vya nchi hiyo vinakaribiana na pwani ya Sabah nchini Malaysia, upo mkoa wa Tawi-Tawi, ambao wengi wa wakazi wake ni Wasama, watu wa bahari ambao kwa desturi hujenga nyumba zao juu ya nguzo kwenye maji ya kina kifupi na kuziunganisha kwa vivuko vyembamba vya mbao. Miongoni mwao, na hasa katika kijiji cha Ungos Matata kilichoko Tandubas, wanawake wamerithishana kwa vizazi vingi ufundi wa kusuka mikeka ya rangi inayoitwa tepo, wakitumia majani ya mmea wa porini wenye miiba. Ni mikeka hiyo iliyomfanya mwanamke mmoja wa kijiji hicho, Haja Amina Appi, atangazwe mwaka 2004 kuwa miongoni mwa mafundi wakuu wa taifa lake.

Ufilipino ina visiwa 7,641, na karibu kila kundi kubwa la visiwa lina majani yake na namna yake ya kuyasuka: mikeka, vikapu, kofia, mifuko, hata vifuko vidogo vya ukuti ambamo wali hupikwa na kuuzwa katika mji wa Cebu. Jina la jumla la mkeka katika lugha nyingi za nchi hiyo ni banig, na tepo ni jina la Wasama kwa mkeka wao. Wafilipino wengi ni Wakatoliki, lakini Tawi-Tawi ni nchi ya Waislamu, na katika kisiwa cha Simunul kuna msikiti ambao kwa mapokeo ya wenyeji ulianzishwa mwaka 1380. Ndiyo maana fundi huyo alijulikana kwa lakabu ya Haja, ambayo huko hupewa mwanamke aliyekwenda kuhiji Makka, na ndiyo maana tepo hutandikwa kwa ajili ya kulalia na kupokelea wageni, na pia kwa ajili ya kuswalia.

Mmea na jani lake

Mmea unaotoa majani hayo huitwa pandan, nao si mgeni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ni wa jamii moja na mkadi, mti ambao maua yake yenye harufu nzuri wanawake wa Unguja na Mombasa wameyatumia tangu zamani kujipamba na kutia manukato nguo zao. Wataalamu wa mimea huita jamii hiyo Pandanus. Mimea yake hutambulikana kwa mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina hadi ardhini kama miguu ya kuegemea, na kwa majani marefu kama panga yanayolizunguka shina kwa mpangilio wa parafujo. Kila jani la aina ya porini lina safu tatu za miiba: mbili kwenye kingo zake na moja upande wa chini, juu ya uti unaopita katikati.

Mtu asiyejua kazi hii angedhani kwamba msukaji huchagua jani lisilo na miiba, kwa kuwa aina hiyo ipo, na majani yake ni mapana na rahisi kushikwa. Wasukaji wa Tawi-Tawi hufanya kinyume cha hivyo. Wameona kwa uzoefu kwamba jani lisilo na miiba hutoa chane zinazokatika upesi, ilhali jani lenye miiba hutoa chane ngumu zinazovumilia kukunjwa, kukaliwa na kukanyagwa kwa miaka mingi. Chane, kama wajuavyo wasukaji wa ukili, ni vipande vyembamba vya jani vilivyochanwa tayari kwa kusukwa, na ubora wa mkeka wowote duniani huanzia hapo. Kwa hiyo wanawake wa Ungos Matata hukubali kuchomwa mikono ili mkeka udumu, na mikono ya Haja Amina Appi mwenyewe ilikuwa imekomaa na kuwa na sugu kutokana na kazi hiyo ya miaka mingi.

Kutoka jani hadi chane

Kazi ya kwanza ni kuvuna majani porini, na hapo wanaume huweza kusaidia, kama wanavyosaidia pia katika kuyaandaa, lakini ususi wenyewe ni kazi ya wanawake, ambayo binti huipokea kwa mama yake na mama kwa bibi yake. Majani yakishafika nyumbani, msukaji huondoa miiba kwa kisu kidogo, akifuata kingo zote mbili na uti wa katikati kuanzia shinani hadi nchani. Kisha hulichana jani kwa kifaa ambacho Wasama hukiita jangat deyum, kinacholigawa katika chane ndefu zenye upana ulio sawa. Kazi hii huwezekana kwa sababu nyuzi za jani la pandan hulala sambamba kwa urefu wote wa jani, kiasi kwamba mpasuko ulioanza sawa huendelea kunyooka bila kwenda upande.

Usawa wa upana si jambo la urembo peke yake. Mkeka ni maelfu ya makutano ya chane, na chane moja ikiwa pana kuliko mwenzake kwa kiasi kidogo tu, tofauti hiyo hujirudia kila inapokutana na nyingine, hadi safu nzima ikapinda na ukingo wa mkeka ukakosa kunyooka. Ndiyo sababu wajuzi wa mikeka, wanapotaka kupima kazi ya fundi, huangalia ukingo kwanza na rangi baadaye.

Chane huanikwa juani, kwa kuwa jani bichi lina maji mengi, na likisukwa likiwa hivyo litasinyaa baadaye na kuacha matundu kati ya chane na chane. Hata hivyo, jani lililokauka huwa gumu na hujikunja, kwa hiyo chane hulazwa chini ya gogo kubwa la mti na kugandamizwa mpaka zilainike na kulala bapa, hatua ambayo Wasama huiita paggos. Baada ya hapo hufuata rangi. Chane hutiwa chache chache katika maji yanayochemka yaliyochanganywa na rangi ya unga ya dukani, inayojulikana huko kwa jina la anjibi, na hutolewa zinapokolea. Zikitiwa nyingi kwa pamoja hazipati rangi sawasawa, na mkeka uliosukwa kwa chane za namna hiyo huonekana wa mabaka kabla hata haujatumika.

Hapo ndipo Haja Amina Appi alipojitofautisha na wenzake. Rangi za dukani mara nyingi huwa hafifu na hupauka upesi, naye hakuridhika nazo, bali alizichanganya mwenyewe kwa kujaribu na kurudia mpaka akapata nyekundu, zambarau na manjano zilizowaka kama alivyotaka, akiziweka pengine kando ya nyeupe ili zikolee zaidi machoni. Katika siku zake za nyuma aliwahi kutumia hadi rangi nane katika mkeka mmoja. Kwa hatua zote hizo, kuanzia kisu cha kuondolea miiba hadi sufuria ya rangi, hakuna hata chane moja iliyokwisha kusukwa, na huu ndio ukweli ambao mnunuzi wa mkeka hauoni: sehemu kubwa ya kazi humalizika kabla ya ususi kuanza.

Hesabu iliyomo katika mkeka

Msukaji anapoketi kuanza mkeka, huzipanga chane kwa mwelekeo mmoja, kisha huingiza nyingine za kuzikatiza, kila moja ikipita juu ya mwenzake na kuzama chini ya inayofuata kwa utaratibu alioukusudia. Chane ikifika mwisho, nyingine huunganishwa kwa kulazwa juu yake na ncha zote mbili kufichwa ndani ya ususi, ili jicho lisione mahali pa kiungo. Hakuna mchoro wa kufuata. Mpango wote umo kichwani: idadi ya chane za kila rangi, mahali zinapobadilika, na namna upande wa kulia utakavyolingana na wa kushoto. Akikosea kwa chane moja, kosa hilo husafiri pamoja na chane hiyo hadi mwisho wake, na pengine hugundulika baada ya saa nyingi za kazi, ambapo hakuna dawa ila kufumua na kuanza upya kutoka pale lilipotokea.

Nakshi za mikeka ya Wasama ni za kijiometri, yaani hujengwa kwa mistari na maumbo yenye pembe, kwa kuwa makutano ya chane mbili huzaa mraba kwa asili yake. Mitindo inayofahamika zaidi ni minne: mistari, miraba ya rangi nyingi, miraba ya nyeupe inayopishana na rangi nyingine moja, na mistari inayopindapinda kama mawimbi yenye ncha. Mitindo hiyo minne huonekana michache, lakini kila msukaji huibadilisha kwa kuchagua rangi, kupanua au kupunguza miraba na kuingiza mtindo mmoja ndani ya mwingine, na matokeo yake ni mikeka isiyofanana. Kazi za Haja Amina Appi zilisifiwa kwa ulinganifu wake, kwa ukingo ulionyooka na kwa nakshi tata ambazo hata hivyo hazichoshi macho.

Hapa pana tofauti moja ya ufundi inayofaa kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili. Msukaji wa pwani ya Afrika Mashariki hutumia hasa mkindu, husuka kwanza ukili, yaani utepe mwembamba na mrefu, kisha huushona utepe huo ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka. Anaweza kusuka ukili akiwa anatembea au anazungumza na jirani barazani, na akikosea, kosa hubaki katika ukili ule. Msukaji wa Tawi-Tawi husuka mkeka wote kwa mara moja kama kitu kimoja, na kwa hiyo hubeba hesabu ya upana mzima tangu chane ya kwanza. Njia zote mbili ni za kale na kila moja ina akili yake. Wa pwani hupata wepesi wa kuibeba kazi na kuigawa, na Wasama hupata uwanja mpana ambamo nakshi moja inaweza kuenea kutoka pembe hadi pembe bila mshono.

Ukaribu wa mbali baina ya pande hizi mbili za Bahari ya Hindi upo pia katika historia. Wasama ni sehemu ya familia kubwa ya watu ambao lugha zao zimeenea kutoka visiwa vya Pasifiki hadi Madagaska, na popote walipokwenda walichukua ujuzi wa kusuka majani, ikiwa ni pamoja na matanga ya vyombo vya bahari kabla ya kitambaa kushika nafasi yake. Waswahili nao walikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba na kuendeshwa kwa tanga lililosukwa kwa miyaa. Kwa watu wa bahari wa zamani, msukaji alikuwa mtu wa lazima, kwa kuwa bila kazi yake chombo kisingeondoka ufukweni.

Mapangoni Basey

Si mikeka yote ya Ufilipino inayotokana na pandan. Katika mji wa Basey, kusini mwa kisiwa cha Samar, ng'ambo ya maji kutoka jiji la Tacloban, wasukaji hutumia tikog, mmea wa majimaji unaofanana na nyasi ndefu na unaoota katika ardhi chepechepe. Hutumia bua lake baada ya kulianika, kulitia rangi na kulibapa, kisha hulisuka na mara nyingi kulitarizi kwa maua na picha. Mji huo unajulikana nchini kote kwa kazi hiyo, na kwa miaka mingi wasukaji wake wamekuwa wakikusanyika katika pango la Saob kufanya kazi zao.

Sababu ya kwenda pangoni ni ya kitaalamu kabisa. Tikog, kama pandan na kama mkindu, hukatika inapokauka kupita kiasi, na katika jua la mchana chane hugeuka kuwa ngumu mikononi mwa msukaji. Ndani ya pango hewa ni baridi na ina unyevu, kwa hiyo chane hubaki laini na hukubali kukunjwa siku nzima. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi huelezea malezi ya watoto, lakini msukaji yeyote wa majani angeitambua kuwa kanuni ya kazi yake ya kila siku.

Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga kikubwa, ambacho Wafilipino hukiita Yolanda, kilipiga eneo hilo na kuua maelfu ya watu, na Basey ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia sana. Wasukaji walipoteza nyumba, na mashamba ya tikog nayo yaliharibika. Kurejea kwa kazi ya mikeka baada ya msiba huo kulikuwa sehemu ya kurejea kwa maisha yenyewe, kwa kuwa kwa kaya nyingi fedha ya mkeka ndiyo inayonunua mchele na kulipia mahitaji ya shule.

Heshima ya taifa na sharti lake

Mwaka 1992 Ufilipino ilitunga Sheria ya Jamhuri Namba 7355, iliyoanzisha tuzo ya Gawad sa Manlilikha ng Bayan, maneno yanayoweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa ni tuzo ya waumbaji wa taifa. Tuzo hiyo husimamiwa na Tume ya Taifa ya Utamaduni na Sanaa, hutolewa kwa mafundi wa sanaa za jadi waliofikia kilele cha ujuzi wao, na huambatana na posho ya maisha yote. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni sharti lake: ustadi pekee hautoshi, kwa kuwa anayepewa lazima awe amewafundisha wengine katika jamii yake na aendelee kuwafundisha, na sheria inaielekeza serikali kumsaidia katika kazi hiyo.

Haja Amina Appi, aliyezaliwa mwaka 1925 na kupewa tuzo hiyo mwaka 2004, alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 87, lakini alikuwa amewapa wanawake wa ukoo wake na wa kijiji chake ujuzi wa kuchana, kutia rangi na kusuka. Mwaka 2023 fundi mwingine wa mikeka, wa jamii ya Wahigaonon wa Bukidnon katika kisiwa cha Mindanao, aliingizwa katika orodha hiyo hiyo ya heshima. Taifa linalomtukuza msuka mkeka sawa na mchongaji, mwimbaji na mchezaji ngoma limekubali kwamba ujuzi wa mikono ya wanawake ni elimu kamili, hata kama haujawahi kuandikwa katika kitabu chochote.

Yanayoutishia ususi

Pamoja na heshima hiyo, ususi wa majani uko katika hali ya mashaka. Mikeka ya plastiki hupatikana kila soko kwa bei ndogo, haihitaji kuanikwa wala kulindwa dhidi ya unyevu, na mnunuzi mwenye fedha kidogo hawezi kulaumiwa kwa kuichagua. Mahali pandan inapoota hupungua kadiri ardhi inavyofyekwa, na majani yanapokuwa mbali, kazi iliyokuwa ya asubuhi moja huwa ya siku nzima. Vijana nao huona kwamba mkeka uliochukua wiki nyingi huuzwa kwa bei isiyolingana na muda huo, tena mara nyingi kwa mchuuzi wa kati anayepata faida kubwa kuliko aliyeusuka.

Sababu hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na chanzo chake ni hesabu mbovu. Mnunuzi hulipia siku alizomwona msukaji akisuka, wala halipii siku za porini, za kisu, za jua, za gogo na za sufuria. Binti anayemwona mama yake akilipwa nusu ya kazi yake hana haja ya kuelezwa kwa nini aende mjini kutafuta kibarua. Tuzo, matamasha na maonyesho ya makumbusho yana faida yake katika kuhifadhi jina la ufundi, lakini ufundi wenyewe utahifadhiwa pale tu unapoweza kumlisha anayeufanya.

Adabu ya mgeni

Anayepata nafasi ya kuitembelea jamii ya wasukaji, iwe Tandubas, Basey au mahali pengine popote, anapaswa kuvua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, kuomba idhini kabla ya kupiga picha, na kuuliza kuhusu jani kabla ya kuuliza bei. Swali kuhusu jani humpa msukaji nafasi ya kueleza hatua zote ambazo macho ya mgeni hayakuziona, na mgeni akishazisikia hataona aibu kulipa bei kamili, wala hataona fahari kuipunguza. Inafaa pia anunue kwa msukaji mwenyewe, amuulize jina lake na alitaje anapouonyesha mkeka huo kwao, kwa sababu kazi nyingi za mikono ya wanawake zimepotea katika historia kwa kutajwa nchi zilikotoka bila kutajwa aliyezifanya.

Adabu hiyo haimhusu msafiri wa mbali peke yake. Msomaji wa Pemba, Lamu, Tanga au Kilwa ana msuka ukili katika mtaa wake, na mwanamke huyo naye huenda mbali kutafuta mkindu, huanika, huchana na kutia rangi kabla ya kusuka. Siku mwanamke huyo atakapomletea mkeka, msomaji amlipe na kazi ile asiyoiona.